Mlaji husema ataongeza bei kwa mazao ya kilimo endelevu. Akifika mbele ya sinia, analipia nini hasa?

#1 Mpimaji (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kukusanya na kuchambua maoni ya walaji, na kuna swali ambalo kila anayeagiza utafiti hutaka lijibiwe kwa tarakimu moja tu: mlaji yuko tayari kuongeza asilimia ngapi juu ya bei ya kawaida ili apate mboga na matunda yaliyolimwa kwa njia endelevu? Tarakimu hiyo si ngumu kuipata. Tatizo langu ni kwamba nimeacha kuiamini, na nimeufungua uzi huu nieleze kwa nini, kisha niwasikilize wanaolima na wanaouza.

Nianze na tukio nililolishuhudia. Tulipanga mezani masinia mawili ya nyanya za aina moja. Sinia la kwanza lilikuwa na kibandiko kilichoeleza kwamba nyanya zimelimwa kwa viuatilifu vichache, kwa kutunza udongo na kwa kutumia maji kwa kipimo. Bei yake ilizidi ya kawaida kwa asilimia 15. Sinia la pili halikuwa na maelezo yoyote. Mama mmoja alijaza dodoso letu na, bila kusita, akaandika kwamba angeongeza asilimia 30 kwa nyanya za namna ile. Tulipomwambia kwamba nyanya zile zinauzwa na yuko huru kununua, akaenda moja kwa moja kwenye sinia lenye kibandiko, akainua nyanya, akaigeuza, akaona kovu dogo la kahawia karibu na kikonyo, akairudisha. Akainua nyingine, akaibonyeza kwa kidole gumba, akairudisha nayo. Kisha akahamia sinia la pili na kujaza mfuko wake.

Simwiti mnafiki, na ningependa hata wachangiaji wengine wasimwite hivyo. Aliulizwa maswali mawili tofauti, akajibu yote mawili kwa ukweli. Dodoso lilimuuliza anapenda mashamba yatunzwe namna gani. Sinia lilimuuliza ni nyanya ipi itakayofika keshokutwa bila kuoza. Makosa ni yetu sisi tunaochukua jibu la swali la kwanza na kulipeleka kwa mkulima kana kwamba ni jibu la swali la pili.

Fikra yenyewe ya utayari wa kulipa ni ya zamani. Mwaka 1844 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit, akitafuta namna ya kupima manufaa ya barabara na madaraja, alisema kwamba thamani ya kitu kwa mtumiaji ni kile kiwango cha juu kabisa ambacho angekubali kukitoa kabla ya kukiacha. Hapo maelezo yanaeleweka vizuri, kwa kuwa anayevuka daraja anajua amevuka. Mazao yetu yana ugumu mwingine. Rangi ya tunda unaiona kabla ya kulinunua, na utamu wake unaujua ukishalila. Lakini namna lilivyolimwa huijui kabla wala baada. Mwaka 1973 wanauchumi Michael Darby na Edi Karni walilipa jina kundi hili la tatu la sifa, zile ambazo mnunuzi hawezi kuzithibitisha hata baada ya kutumia bidhaa, na ambazo kwa Kiswahili ningeziita sifa za kuaminia. Uendelevu wa shamba uko humo. Kwa hiyo mtu anapoongeza bei, hanunui udongo uliotunzwa. Ananunua neno la mtu mwingine kwamba udongo ulitunzwa. Hoja yangu katika uzi huu ni hiyo: tunachokiita utayari wa kulipia uendelevu, kwa sehemu kubwa, ni utayari wa kuamini, na imani haipimwi kwa dodoso la asilimia.

#2 Mpimaji

Naendelea, kwa sababu najua nitaulizwa ushahidi.

Pengo kati ya maneno na mkoba limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 2001 John List na Craig Gallet walikusanya matokeo ya majaribio mengi yaliyolinganisha bei ambazo watu walizitaja bila kutoa fedha na bei walizozilipa kweli, wakakuta kwamba kwa wastani waliokuwa wakidhania walizidisha takriban mara 3. Mwaka 2005 James Murphy na wenzake walifanya mkusanyo mwingine, wakapata uwiano wa kati (nusu ya majaribio yakiwa chini yake na nusu juu yake) wa 1.35 tu, huku majaribio machache yenye pengo kubwa mno yakiuvuta wastani juu. Tofauti ya 3 na 1.35 si ndogo, na inatosha kumwonya yeyote anayetaka kanuni moja ya kugawanya jibu la dodoso ili apate ukweli. Pengo hubadilika kulingana na kitu kinachoulizwa, namna kinavyoulizwa, na nani anauliza huku akimtazama mhojiwa usoni.

Tafiti za biashara nazo zina sura ileile. Mwaka 2024 kampuni ya PwC, iliyohoji zaidi ya watu 20,000 katika nchi 31, ilieleza kwamba kwa wastani wangeongeza asilimia 9.7 kwa bidhaa zilizotengenezwa au kupatikana kwa njia endelevu. Miaka mitano kabla yake, makala moja katika jarida la Harvard Business Review ilitaja utafiti ambamo asilimia 65 ya waliohojiwa walisema wanataka kununua bidhaa za kampuni zinazotetea uendelevu, na takriban asilimia 26 ndio waliofanya hivyo. Mkulima akisoma tarakimu ya kwanza peke yake, atapanda. Akisoma ya pili peke yake, ataacha.

Wapo watakaosema dawa ni kuboresha kipimo, na mimi mwenyewe nimeitumia dawa hiyo. Utaratibu ninaoupenda ulibuniwa mwaka 1964 na Gary Becker, Morris DeGroot na Jacob Marschak. Mtu anaandika nyongeza ya juu kabisa ambayo angeikubali kwa mfuko wa nyanya zenye kibandiko. Kisha anaingiza mkono kwenye kikapu chenye vikaratasi na kuchomoa kimoja, chenye nyongeza iliyopangwa kwa bahati nasibu. Kikaratasi kikisoma chini ya alichoandika, ananunua kwa bei ya kikaratasi. Kikisoma juu, haruhusiwi kununua. Tuseme moyoni mwake kikomo ni asilimia 20. Akijikweza na kuandika 30, anaweza kuchomoa 26 na kulazimika kununua kwa bei asiyoitaka. Akijifanya mjanja na kuandika 10, anaweza kuchomoa 14 na kukosa nyanya ambazo angefurahi kuzinunua kwa bei hiyo. Kusema kweli ndiko kunakomfaa, na hakuna haja ya kumhubiria. William Vickrey alikuwa ameonyesha mantiki kama hiyo mwaka 1961 katika mnada wa bahasha zilizofungwa, ambamo anayeshinda hulipa bei iliyotajwa na aliyemfuatia.

Utaratibu huo unapunguza majigambo, nakiri. Hata hivyo haugusi tatizo nililolitaja mwanzo. Mezani kwetu, anayeshiriki ameshaambiwa na mtafiti mwenye kitambulisho shingoni kwamba kibandiko ni cha kweli. Sokoni hayupo mtafiti. Tunapima kwa usahihi mkubwa bei ya nyanya zisizo na shaka, kisha tunazipeleka mahali ambapo shaka ndiyo kawaida.

#3 Mkulima wa Bonde

Ndugu Mpimaji, nashukuru kwa uzi huu, ila mimi natazama kutoka upande wa jembe na naona jambo umelipita haraka. Unazungumzia mlaji anayesema atalipa na halipi. Mimi nalalamikia mlaji anayelipa kweli, na fedha zake hazinifikii.

Nilipoamua kubadili kilimo changu, nilisoma taratibu za masoko makubwa. Kanuni za Marekani zinataka ardhi iwe imekaa miezi 36 bila pembejeo zilizokatazwa ndipo mavuno yaitwe ya kilimo hai, yaani kilimo kinachoepuka viuatilifu na mbolea za viwandani. Zile za Umoja wa Ulaya zinataka, kwa mazao ya msimu, angalau miaka 2 kabla ya kupanda. Katika muda huo unabeba gharama za njia mpya na unauza kwa bei ya njia ya zamani, maana cheti hakijatoka. Palizi niliyokuwa naimaliza kwa pampu ya mgongoni na kiuagugu sasa ni kazi ya mikono ya watu wanne. Nilivumilia, nikapata cheti.

Mnunuzi wangu wa kwanza alinipa nyongeza ndogo, nikashukuru. Baadaye nilikutana na mazao yangu mwenyewe rafuni, nikiyajua kwa kreti zenye alama yangu zilizokuwa zimepangwa pembeni. Bei waliyowekewa walaji ilikuwa imepanda kwa kiwango ambacho sikuweza kukilinganisha na nilicholipwa. Nilimuuliza mnunuzi, akanijibu kwamba walaji wako tayari kulipa. Basi nikajiuliza: utayari huo ni wa kumlipa nani?

#4 Mpimaji

Ndugu Mkulima, umenikamata mahali penyewe. Naomba nilijibu hili kwa kirefu.

Ushahidi bora ninaoujua upande wa shamba ni wa David Crowder na John Reganold, wa mwaka 2015, waliochambua tafiti za miaka 40 kuhusu mazao 55 katika nchi 14. Walikuta mavuno ya kilimo hai yako chini kwa asilimia 10 hadi 18, na gharama za nguvukazi ziko juu kwa asilimia 7 hadi 13. Pamoja na hayo, wakulima wa kilimo hai walikuwa wakipata faida zaidi kwa sababu ya nyongeza ya bei, ambayo ilikuwa asilimia 29 hadi 32. Tarakimu iliyonishtua ni nyingine: ili mkulima asipate hasara akilinganishwa na jirani yake wa kilimo cha kawaida, alihitaji nyongeza ya asilimia 5 hadi 7 tu. Hizo ni bei za mkulima, si za rafu, na gharama ya miaka ya mpito uliyoieleza ni hesabu ya pembeni. Lakini zinaonyesha kwamba nyongeza anayohitaji mkulima si ule mlima unaozungumzwa kila siku.

Sasa tuitazame safari kutoka shambani hadi kwa mlaji. Tuchukue zao ambalo mlaji analilipia 100, na katika hiyo 100 mkulima anapata 25. Mkulima akiongezewa asilimia 20, anapata 30. Ikiwa msafirishaji, wa jumla na wa rejareja watabaki na fedha zilezile walizokuwa wakizipata, mlaji atalipa 105, yaani nyongeza ya asilimia 5 ambayo wengi wangeikubali bila hata kuangalia mara mbili. Lakini wafanyabiashara wengi hawaongezi kiasi. Wanaongeza asilimia juu ya walichonunulia. Kila mmoja akishikilia asilimia yake ya kawaida, bei ya mwisho inakuwa 120. Mlaji ametoa 20 zaidi, mkulima amepokea 5. Huenda hakuna aliyeiba hapo. Kila mmoja amefuata desturi ya hesabu zake. Lakini mlaji sasa anaulizwa kama yuko tayari kulipa nyongeza mara nne ya ile iliyohitajika, na akikataa, tunaandika kwenye ripoti kwamba hajali mazingira.

Kwa hiyo swali lako, utayari huo ni wa kumlipa nani, ningelipeleka kwenye dodoso lenyewe. Nimewahi kulijaribu kwa namna ndogo: kwenye kibandiko cha sinia moja tuliandika tu kwamba yamelimwa kwa njia endelevu, na kwenye lingine tukaongeza mstari unaoeleza mkulima anapata sehemu gani ya bei. Sikupima kwa kiwango cha kutangaza matokeo, lakini mazungumzo mezani yalibadilika kabisa. Kwa sinia la kwanza watu waliuliza kama ni kweli. Kwa la pili waliuliza kwa nini sehemu ya mkulima ni ndogo hivyo.

#5 Nyuma ya Meza

Naomba kuwatetea wauzaji, maana naona tunaelekea kuitwa mbweha wa hadithi hii. Nauza mboga na matunda, na hesabu ya ndugu Mpimaji ni sahihi mpaka inapokutana na kuoza.

Bidhaa inayotoka polepole huoza zaidi. Kreti ya mazao ya kawaida naimaliza kabla ya saa sita. Ya kilimo endelevu, kwa kuwa wanunuzi wake ni wachache, inalala. Robo ya kreti ikiharibika, ile robo tatu iliyobaki lazima iuzwe kwa theluthi moja zaidi ili tu nirudishe fedha nilizotoa, kabla sijafikiria faida. Hapo sijaongeza kutenganisha kreti, kuandika kumbukumbu ili isichanganywe na mazao mengine, na kumlipa kijana anayejibu maswali ya wateja. Nyongeza ya asilimia ninayoweka si desturi ya hesabu tu. Nusu yake ni bima ya matunda nitakayoyatupa jioni.

Na kuhusu mama yako wa nyanya: mimi nawaona kama yeye siku nzima. Kovu dogo linaua kibandiko.

#6 Mpimaji

Ndugu Nyuma ya Meza, nimesahihishwa, na hesabu yako ya theluthi moja naichukua. Inanifanya nione kwamba nyongeza na uhaba wa wanunuzi vinazungukana: bei iko juu kwa sababu wanunuzi ni wachache, na wanunuzi ni wachache kwa sababu bei iko juu. Kipimo cha utayari wa mtu mmoja mmoja hakiwezi kuuona mzunguko huo hata kidogo.

Kuhusu kovu, una watafiti upande wako. Mwaka 2009 Chengyan Yue na wenzake walichapisha jaribio la matufaa ambamo asilimia 75 ya washiriki walikuwa tayari kulipa zaidi kwa matufaa ya kilimo hai kuliko ya kawaida, kwa sharti moja: yawe yanafanana kwa sura. Matufaa ya kilimo hai yalipoonyesha dosari ya kwanza tu, kundi hilo lilipungua sana. Jambo hili lina kejeli yake, kwa sababu sehemu ya viuatilifu hupuliziwa kwa ajili ya ngozi ya tunda tu, ili alama za wadudu na ukungu zisionekane. Mlaji anaongeza fedha ili dawa zipungue, kisha anamwadhibu mkulima kwa alama zilizoachwa na upungufu wa dawa.

#7 Mdadisi

Wakubwa, shikamooni. Nimesoma kwa makini, na nina mashaka mawili ambayo naomba yajibiwe bila kuzungushwa.

La kwanza: mjadala huu wote si ni wa wenye nacho? Ernst Engel alishaonyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kaya ilivyo na kipato kidogo ndivyo sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake inavyokwenda kwenye chakula. Kwa kaya kama hiyo, asilimia 10 juu ya mboga si maoni kuhusu mazingira. Ni mboga zinazopungua sahanini. Tukisema kilimo endelevu kitabebwa na utayari wa mlaji, si tumesema kitabebwa na wachache na kwa muda tu mambo yakiwa mazuri?

La pili: huyo mlaji anajua anacholipia? Mimi mwenyewe nilidhani chakula kilichotoka karibu ndicho endelevu, mpaka nilipoelezwa kwamba usafirishaji ni sehemu ndogo ya hewa ukaa inayotokana na chakula.

#8 Mpimaji

Marahaba, ndugu Mdadisi.

La kwanza nakubaliana nawe karibu lote. Uingereza, baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, mauzo ya bidhaa za kilimo hai yalishuka kwa karibu asilimia 13 katika mwaka 2009. Walaji wale hawakuwa wamebadilisha maoni yao kuhusu udongo katika miezi 12. Utayari wa kulipa siku zote una neno uwezo ndani yake, na tafiti nyingi hulificha kwa kutoa wastani. Ningemwomba kila anayesoma wastani wa nyongeza aulize pia ni wangapi walioandika sifuri. Nimeona madodoso ambamo theluthi nzima haikutaka kuongeza chochote, huku wachache walioandika asilimia 50 na zaidi wakiunyanyua wastani hadi ukapendeza kwenye kichwa cha habari. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya chumba aliyekuwa na maoni ya huo wastani.

Lakini sikubali kwamba jambo lote ni kipato. Denmark, ambako karibu asilimia 12 ya mauzo ya chakula rejareja ni ya kilimo hai, sehemu iliyo miongoni mwa kubwa zaidi duniani, ilipitisha sheria ya kilimo hai mwaka 1987, na nembo yake nyekundu yenye herufi Ø inasimamiwa na ukaguzi wa serikali. Zipo nchi zenye utajiri kama huo ambazo sehemu yao ni ndogo zaidi. Mimi naona nembo moja inayojulikana na kila mtu, iliyodumu zaidi ya miaka 30, inamwondolea mlaji kazi ya kuamua amwamini nani kila anaponyoosha mkono. Linganisha na rafu yenye nembo saba za majani ya kijani, ambazo mbili tu ndizo zenye mkaguzi nyuma yake. Hapo mlaji mwenye akili timamu hupunguza thamani ya zote saba, na aliyelima vizuri analipwa sawa na aliyechapisha jani. George Akerlof alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika, jinsi bidhaa nzuri inavyofukuzwa sokoni pale mnunuzi asipoweza kuitofautisha na mbaya.

La pili umelisema kwa upole kuliko linavyostahili. Uchambuzi wa Joseph Poore na Thomas Nemecek wa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za takriban mashamba 38,700 katika nchi 119, ulionyesha kwamba usafirishaji ni takriban asilimia 6 tu ya gesijoto zinazotokana na chakula. Zao linaloharibika upesi na kusafirishwa kwa ndege ni habari nyingine, lakini hayo ni machache. Hata hivyo, ukimwekea mlaji neno la kutoka karibu pembeni ya neno la kutunza udongo, mara nyingi la kwanza ndilo linalomfungua mkoba, kwa sababu ukaribu anaweza kuufikiria: anamwona mtu, anaona shamba. Rutuba ya udongo haina uso.

Kuna jambo baya zaidi kwa sisi wapimaji. Katika utafiti mmoja maarufu wa miaka ya mwanzo ya 1990, watu waliulizwa wangelipa kiasi gani kuwaokoa ndege wa porini wasife kwenye madimbwi ya mafuta: kundi moja liliambiwa ndege 2,000, jingine 20,000, jingine 200,000. Majibu ya makundi yote matatu yalikaribiana sana. Daniel Kahneman na Jack Knetsch walieleza mwaka 1992 kwamba majibu ya namna hii yanafanana na kununua ridhiko la dhamiri kuliko kununua kitu chenye kipimo. Nami nimeliona hilo kwa mazao: mwandikie mtu kwamba viuatilifu vimepunguzwa kwa robo au kwa robo tatu, nyongeza anayoitaja haisogei sana. Analipia kuwa upande wa wema. Mkulima aliyepunguza robo tatu, kwa gharama kubwa, anapata malipo ya aliyepunguza robo.

#9 Mkulima wa Bonde

Hapo ndipo ninapochoka, ndugu zangu. Kama kufanya vizuri sana kunalipa sawa na kufanya vizuri kidogo, na kama kovu moja linafuta yote, basi nishaurini la kufanya msimu ujao na si la kufikiri. Nina nafasi ya kuuza sehemu ya mavuno mwenyewe, ana kwa ana, siku mbili kwa juma. Nikitaka kujua wateja wangu wataongeza kiasi gani, niwaulizeje?

#10 Mpimaji

Usiwaulize.

Panga mazao yako katika makundi mawili yanayofanana kabisa kwa sura na ukubwa, na uyachambue wewe mwenyewe kwa mikono yako ili kovu lisiwe hoja. Siku ya kwanza yauze yote kwa bei moja, kundi moja likiwa na maelezo ya namna ulivyolima na jingine likiwa halina, uone kwanza kama maelezo yenyewe yana uzito wowote pale ambapo hayamgharimu mtu chochote. Siku inayofuata yapandishe yenye maelezo kwa asilimia 5, ambayo ni karibu na ile nyongeza ya kutokupata hasara niliyoitaja. Kisha 10. Badilisha pia upande wa meza, kwa kuwa huenda wateja wakachukua tu kilicho karibu na mkono wanapofika. Endelea kwa majuma sita angalau, maana siku moja yenye mvua inaweza kukudanganya kuliko dodoso lolote.

Kwenye maelezo, andika jambo moja ambalo mteja anaweza kulikagua akitaka, kama vile siku zilizopita tangu upulizie mara ya mwisho, na uwe na daftari la shamba chini ya meza la kumwonyesha. Acha neno endelevu, limeshachoka.

#11 Nyuma ya Meza

Nyongeza kidogo kwa ndugu Mkulima, kutoka kwa mtu aliyepata hasara kwa kusahau hili. Usihesabu ulichouza peke yake. Jioni, kabla hujafunga, pima kwa mizani kilichobaki katika kila kundi, na siku ya pili asubuhi pima tena ulichokitupa. Kundi lenye maelezo linaweza kuuzwa kwa bei nzuri zaidi na bado likakuachia mzigo mkubwa wa kuoza, na hutaujua usipoupima kando.

#12 Mkulima wa Bonde

Nimeelewa. Mizani ninayo, daftari ninalo, na kreti mbili nitazipaka rangi tofauti ili nisichanganye. Maelezo nitaandika siku za kupulizia. Kovu nitaliacha kwenye kundi la tatu, bila kulificha, kwa bei ya chini kidogo, kwa sababu nataka kuona kama mtu aliyekwisha kulifungua daftari langu na kulisoma bado ataligeuza tunda na kulirudisha.

#13 Mpimaji

Kundi la tatu sikulifikiria. Tafadhali rudi na matokeo, hata yakiwa mabaya, na utuandikie wangapi waliomba kuliona hilo daftari.